Lori Lililomrudisha Papa Mlangoni

Mawese yakimwagwa juu ya chuma chenye moto hutoa harufu ambayo si ya jikoni, ingawa mafuta ni yale yale ya jikoni. Huwa na ukali wa kutu, utamu wa chakula kilichoungua kidogo, na nyuma yake moshi mwembamba unaoshika nguo mpaka uifue mara ya pili. Siku hizi naishi Lubumbashi, mji wenye gereji kila kona, na mafundi wake hutumia mafuta ya kopo yanayonukia duka. Lakini hutokea nikapita mbele ya fundi aliyeishiwa, ambaye ameazima mawese kwa mkewe ili alegeze bolti iliyogoma, na pale pale miguu yangu husimama. Wapita njia hunishangaa. Wananiona nimesimama Lubumbashi, kumbe mimi niko Kalemie, kwenye kiwanja chetu cha mteremko wa kwenda ziwani, mvua za Aprili zinakaribia kwisha, na Papa yuko chini ya lori la jeshi, miguu tu ndiyo inaonekana, anaita: "Feza! Leta mawese, mwanangu, kabla mama yako hajayakumbuka!"

Lori lenyewe lilikuwa zee. Papa alisema liliingia nchini wakati wa Wabelgiji, likashushwa melini pale bandarini likiwa jipya, likabeba askari wa serikali moja, kisha wa nyingine, kisha wa waasi, mpaka lilipochoka na kuachwa majanini nyuma ya kiwanda cha nguo kilichokufa. Huko lilikaa miaka mingi. Mpera uliota katikati ya injini ukazaa, nasi watoto tuliyala mapera yake bila kuuliza kwa nini yalikuwa na ladha ya msumari. Papa, ambaye alikuwa fundi wa injini tangu ujana wake, alipita pale kila asubuhi akienda kazini, na kila asubuhi alilisalimia. Nasema kweli, alilivulia kofia kama mtu anayepita mbele ya mkwe. Basi mwaka ule vita vilipotulia, watu walipoanza tena kupaka nyumba zao chokaa, kamati ya sherehe ilitangaza mitaani kwamba tarehe thelathini Juni, siku ya uhuru, kutakuwa na defile kubwa, gwaride la mji mzima, na kila mwenye kitu cha kuonyesha aje akionyeshe. Wavuvi walijiandikisha, washonaji, wanafunzi, wacheza ngoma. Papa alirudi nyumbani akasema kwamba naye atapita mbele ya jukwaa la wakubwa na lori la jeshi la zamani, linatembea lenyewe, linanguruma, limepakwa rangi kama siku lilipotoka kiwandani. Mama alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Hakuinua hata uso. "Ile kamiyo," alisema, "haitalala hapa kwangu."

Lililala. Ukoo wa baba yangu ni waunda maboti, watu wenye kamba nene na mabega ya kuvuta, wakiongozwa na mdogo wake Papa, Baba mdogo Kisimba, ambaye tangu nimjue hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini. Walilitoa majanini kama wanavyolitoa boti mchangani: magogo chini, kamba mbele, wimbo wa kuvutia, na watoto wote wa mtaa wakisukuma nyuma na kuzuia kazi. Lilipofika kwetu Mama alisimama njiani akiwa amejifunga kitenge kiunoni, na Papa, ambaye hakuwa mtu wa kumshinda Mama mbele ya watu, aliliacha mpakani, magurudumu ya mbele ndani ya kiwanja, ya nyuma kwenye njia ya wote. Mama alihamisha mafiga yake nyuma ya nyumba siku hiyo hiyo. Akahamisha na kamba ya nguo. Jirani yetu Mama Kabange, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwanamke wa mzaha usiokauka, alipita na beseni lake kichwani akacheka: "Mama Feza, pole! Bwana amekuletea muke mwenzako, tena wa chuma, hatakula hata ugali yako!" Kila mtu alicheka, isipokuwa Mama.

Lazima niseme sababu, maana bila hiyo mtamwona mama yangu mtu wa kisirani, na hakuna mtu Kalemie aliyependa kucheka kuliko yeye. Wakati wa vita, nilipokuwa mdogo zaidi, lori la askari lilisimama mbele ya mlango wetu mchana kweupe. Ni askari wa upande gani, sitasema; walioishi pale wanajua, na wengine haitawasaidia kitu. Waliuliza fundi ni nani humu. Papa alikuwa na kijiko cha uji mkononi. "Panda!" walimwambia, naye akapanda nyuma, akakaa juu ya benchi la mbao, bado amekishika kile kijiko. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukalifuata lori kwa miguu mpaka kizuizi cha reli, ambapo askari walitugeuza. Papa alikaa kambini kwao masika yote na zaidi, akitengeneza malori yao. Aliporudi, hakurudishwa na mtu. Alitokea kwa miguu nyuma ya nyumba, katikati ya mahindi, mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Nakumbuka Mama alimkumbatia huku anaangalia kwingine. Alikuwa anaangalia barabarani, upande lori lilikokwenda. Na tangu siku hiyo, akisikia injini kubwa barabarani, hata awe anasonga ugali, alikuwa anaacha mwiko ndani ya sufuria na kwenda kusimama mlangoni mpaka ipite. Waliosema kwamba aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiona ukamba walimjua mama yangu.

Papa aliyajua yote hayo, na bado aliingia chini ya lori. Ukiyavulia maji nguo, alisema, sharti uyaoge. Kazi ilianza na kutu, na kutu ya Kalemie si kutu ya kuchezea, kwa sababu upepo wa ziwa huilisha mwaka mzima. Mafuta ya kulegeza bolti hayakupatikana, ndiyo maana mawese ya Mama yalipungua kwenye dumu na mimi nikawa mwizi aliyetumwa na baba yake mzazi. Bolti zililegea kweli. Ila siafu nao walipata habari. Waliingia usiku kwa msafara, na Papa alipolala chini ya injini asubuhi alitoka mbio akijivua suruali mbele ya akina mama waliokuwa wanakwenda sokoni. Walipoondoka siafu wakaja mbuzi, ambao waligundua kwamba kizingiti cha mlango wa lori kina ladha nzuri, wakakilamba mpaka kikang'aa kuliko tulivyoweza kukisugua sisi kwa mchanga na makopo. Papa alisema wale mbuzi walipwe. Gasketi alizikata kwa kisu kutoka kwenye ngozi ya ngoma iliyopasuka. Redieta aliizibua kwa siki na kwa maombi, na usukani aliufunga kamba ya wavuvi, mzunguko baada ya mzunguko, kazi nzuri mpaka leo ukiushika hutaki kuuachia.

Sakafu ya nyuma, pale walipokaa askari, ilikuwa imeoza yote, na Papa aliwapa kazi hiyo ndugu zake. Hapo ndipo tulipopata kichekesho cha mwaka. Mwunda boti akipewa mbao hajui kutengeneza kitu kingine isipokuwa boti. Baba mdogo Kisimba na wenzake walipanga mbao zikakutana vizuri ajabu, wakaingiza pamba yenye mawese katika kila ufa, wakakalafati, wakapaka lami, wakasimama nyuma kutazama kazi yao kama watu waliozaa. Siku ya pili yake ilinyesha ile mvua ya mwisho ya masika, mvua inayoaga kwa hasira. Kulipokucha lori lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni, hakuna hata tone lililopita, na bata wa Mama Kabange walikuwa wanaogelea ndani kwa raha zao. "Mumejenga ziwa!" Papa alilia. "Toboa!" Baba mdogo aliweka mikono kichwani. Toka azaliwe, alisema, hajatoboa sakafu aliyoikalafati kwa mikono yake, na hataanza leo, kutoboa chombo ni kujitabiria kifo. Walibishana mpaka jua likapanda, huku sisi watoto tumeshaingia na bata tunaoga. Mwishowe Papa alitoboa mwenyewe, Baba mdogo akiwa amegeuza mgongo ili asione. Na nyuma ya nyumba, nikiwa naenda kuchukua taulo, nilimwona Mama ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka! Aliponiona alikunja uso haraka akaniuliza mawese yake yanakwendaga wapi.

Lakini ugomvi wa sakafu ulileta jambo lingine. Katika ukoo wa baba yangu boti jipya haliingii majini mpaka lifunguliwe, na anayelifungua ni mke wa mwenye boti. Yeye ndiye wa kwanza kukaa ndani, kabla ya mume, kabla ya nahodha, kabla ya mzigo. Hakuna dawa wala kafara. Anakaa tu, anapumzika kidogo, anamwita mumewe kwa jina, na mume anapanda. Wanasema chombo kikishamjua mama wa nyumba hakitasahau njia ya kurudi nyumbani. Baba mdogo alitangaza, kwa ile sauti yake, kwamba kwa kuwa sakafu ni ya boti, basi lori ni boti, na halitoki hapa bila kufunguliwa. Wengine walicheka, ila Papa hakucheka. Alikuwa mtu wa mashine na vipimo, lakini alizaliwa mchangani kati ya yale maboti, na nilimwona anatazama upande wa nyuma ya nyumba, kwenye moshi wa mafiga. Tangu siku hiyo sote tulijua mambo yamefika wapi. Injini iwake au isiwake, kama Mama hakai ndani ya lile lori, hakuna defile. Na Papa hakumwomba. Alimjua mkewe, na alijua pia angekuwa anamwomba nini.

Rangi ililetwa na Papa Idi, rafiki yake wa siku nyingi, mfanyabiashara wa ukoo wa Waislamu wa zamani wa ziwani, ambaye boti lake lilikwenda Kigoma na kurudi na kila kitu kuanzia sabuni mpaka mabati. Baba mdogo alitaka lipakwe buluu ya maboti. Papa alikataa, alitaka kijani, kijani kile kile cha jeshi. Papa Idi alimuuliza mbele yangu: "Papa Feza, kuko rangi nyingi hii dunia. Kwa nini ile inayotisha watu?" Papa alijibu tu kwamba gari la askari ni la askari, akaendelea kukoroga kopo. Tulipaka sisi sote. Nilipaka mlango wa kushoto na nusu ya gauni langu la kanisani. Lori likakauka, likasimama pale mpakani, kijani tupu, na hata mimi niliyelala juu yake, niliyeoga ndani yake, niliyekula mapera yake, niliogopa kidogo kulipita peke yangu.

Ikabaki wiki ya sherehe yenyewe. Papa aliunganisha betri, akaingia, akatoa sala fupi na kuvuta. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, kisha bomba la moshi likapiga mlipuko mmoja, mwingine, wa tatu, papapa, halafu likanguruma. Jamani. Sijui nianze wapi. Watu wa mtaa walisikia risasi, wakachungulia, wakaona lori la kijani linatikisika katikati ya moshi. Mtaa mzima ulishuka ziwani kwa mbio. Mwalimu wa shule alipita na godoro. Mama Kabange alipita na beseni, ndagala wanaruka nyuma yake kama wamerudiwa na uhai. Baba mdogo Kisimba, aliyekuwa amesimama pembeni na alijua vizuri kabisa ni injini gani ile, alikimbia pia, akaingia majini na viatu. Mtu mmoja tu alikimbia kwenda upande mwingine. Mama alitoka nyuma ya nyumba, unga wa muhogo umejaa mikononi, akalifikia lori, akafungua mlango kwa nguvu, akamkamata Papa shati na kumvuta nje mpaka kifungo kikaruka. Injini ikazimika. Mama hakuliachia lile shati. Alisimama hivyo, amemshika mumewe kwa mikono miwili yenye unga, na Papa anamwambia polepole, "Ni miye, Mama Feza. Ni miye tu. Hakuna muntu."

Kesho yake mtaa mzima ulicheka, hasa kwa ajili ya viatu vya Baba mdogo, lakini Papa alikuwa amekatika moyo. Papa Idi alimwambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ni moshi tu, litengenezwe bomba. Papa alisema si bomba. Aliwaona watu aliozaliwa nao wakimkimbia yeye. Mchana ule alichukua spana akaanza kulifungua lori, bolti baada ya bolti, ili avirudishe vyuma majanini. Nilikuwa nimekaa juu ya gurudumu, nalia waziwazi, sina aibu. Basi bolti moja ikagoma, ile ya chini ya benchi la nyuma. Papa alihangaika nayo, akaipiga, akaitukana. Na Mama akaja. Kwa mara ya kwanza tangu lori lifike alikuja mwenyewe, kwa kutembea, kikombe cha mawese mkononi. Alikiweka ukingoni.

"Bolti inakataa?" aliuliza.

"Inakataa."

"Niambie sasa, Papa Feza. Ulitaka nini na hii kitu? Niambie miye, usimwambie Papa Idi."

Papa alikaa chini mchangani. Alisema akiangalia mikono yake: "Kule kambini nilitengeneza kamiyo zao. Sikukuwa na namna. Lakini nilikuwa naziona zikitoka asubuhi, mikono yangu ilizitengeneza, na zikirudi zimebeba mbuzi za watu, vitanda vya watu. Saa ingine watu wenyewe. Nilitaka moja tu, Mama Feza. Moja niitengeneze, isichukue muntu. Watu waione ni ya maaskari, ni ya kijani, na wasikimbie. Njo ile tu, hakuna ingine."

Mama aligeuka. Nilidhani ataondoka. Kisha akanyoosha kidole kwenye mlango wa nyumba yetu. "Kamiyo ilikutoa pale," alisema. "Mbele ya macho yangu. Ilikurudisha?"

"Nilirudi na miguu, unajua."

"Najua. Weye ulirudi. Lakini moyo wangu mpaka leo unakuona mule nyuma, unakaa na kijiko yako. Kila kamiyo ikipita naenda kuangalia kama njo ile inakurudisha." Aligeukia lori. "Unataka niifungue? Nitaifungua. Lakini kabla haijaenda kwa wakubwa wako, kwanza ikurudishe."

Papa alirudisha bolti zote. Alifunga bomba jipya, na Mama alikuwa anapita kila mara kuuliza kama mawese yanatosha.

Asubuhi ya thelathini Juni ziwa lilikuwa limetulia na upepo wa kiangazi ulikuwa baridi kidogo. Mama alitoka amevaa kitenge chake cha harusi. Mtaa mzima ulikuwa umesimama kando ya njia, kimya, wale wale waliokimbia. Alipanda peke yake kwa ngazi ya nyuma, akakaa juu ya benchi jipya la Baba mdogo, akashika mbao kwa mikono miwili, akafumba macho. Alikaa mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akaita, "Papa Feza, panda." Neno lile lile la siku ile, ila sasa kwa sauti ya mkewe. Papa alipanda akakaa alipokaa siku aliyochukuliwa. Sisi watoto tulipandishwa pia. Usukani aliushika Papa Idi, aliyewahi kuendesha malori ya mizigo ujanani, na lori likaondoka taratibu, bomba halikupiga hata chafya moja. Tulikwenda mpaka kizuizi cha reli. Pale Mama alimwambia Papa Idi ageuze.

Njia ya kurudi ni ile ile niliyotembea nimeshikwa mkono, ila mara hii niliiona kutoka juu. Mama alimshika Papa mkono wa shati njia nzima. Tulipofika, Papa Idi alisimamisha lori sawasawa mbele ya mlango, akazima injini. Mama alishuka wa kwanza. Aliingia ndani, akafunga mlango, tukausikia ufunguo. Hatukuelewa. Kisha mlango ukafunguliwa, akatokea na kiti kidogo na kikombe cha maji, kama anavyopokelewa mtu aliyetoka safari ya mbali, akasimama kizingitini na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani: "Shuka, Papa Feza. Umefika."

Papa alishuka. Alikunywa maji yote, kisha akalia, mtu mzima, mbele ya ndugu zake na mbele ya kamati nzima ya bata. Mama Kabange ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, ukafuata mtaa. Bila shaka tulichelewa defile. Tulipofika barabara kubwa, lori limejaa akina mama na mabeseni yao, watoto mpaka juu ya boneti, wakubwa walikuwa wameshaondoka na vijana wanakunja viti vya jukwaa. Lakini watu walikuwa bado wamejaa pande zote mbili. Waliliona linakuja, kijani lile lile. Nikaona wengine wanarudi nyuma hatua, wanatafuta upenyo. Kisha wakamwona mama yangu amekaa mbele na kitenge chake cha harusi, anawapungia mkono kama ndiye gavana, wakaanza kupiga makofi. Papa alivulia kofia vile viti vitupu.

Miaka imepita. Lori lipo, na kila Juni narudi Kalemie kuliendesha, kwa kuwa macho ya Papa yamechoka na ndugu zangu wanaendesha vibaya. Siku hizi halina tena upweke wa zamani; vijana wanalipiga picha kwa simu, wanauliza injini yake ni ya aina gani, wanapenda kupigwa picha wameshika usukani wa kamba. Mawese hatutumii tena, mafuta ya kopo yapo. Ningependa kusema kwamba na hofu ilikwisha pamoja na kutu, lakini si kweli. Watu wa Nyunzu, kule bara, walipokimbia vita kuja kwetu na kujenga vibanda pembeni mwa mji, watoto wao walituona tukipita mara ya kwanza wakatawanyika kwenye muhogo. Mama aliniambia nisimame. Alishuka akawangoja, akazungumza nao hata wakatoka, akawapandisha, tukazunguka nao mji, na jioni tuliwarudisha kibanda kwa kibanda, yeye anasema kwa kila mmoja, mbele ya mama yake: "Shuka, umefika." Tangu hapo ndiyo desturi. Hatumwachi mtu njiani hata kama defile imetushinda. Malori mengine bado yanapita barabara yetu, mapya, ya haraka, yanaelekea bara, na bado wako akina mama wanaosimama milangoni. Sisi tuna moja tu, tena zee.

Mwaka huu Papa alishindwa kupanda. Magoti yalikataa, tukajaribu kumwinua na Baba mdogo, akacheka akasema tumwache, tusimtendee kama gunia. Mama alikwenda na mimi mbele, bila Papa kwa mara ya kwanza, na njia nzima alishika dirisha. Tuliporudi, nilimkuta Papa amejitoa nje mwenyewe kwa fimbo. Alikuwa amekaa kizingitini juu ya kile kiti kidogo, kikombe cha maji mkononi, maji yamemwagika nusu. Nilizima injini. Mama hakushuka, katika nyumba yetu hakuna anayeshuka mpaka neno lisemwe, na mwenye kulisema sikuzote alikuwa yeye. Papa alielekeza uso kwenye sauti ya lori, maana hakuwa anatuona vizuri, akanyoosha kile kikombe.

"Shuka, Mama Feza," alisema. "Umefika."